Agustina Wegesa Waitara, Mwenye Tangi la Bahari

Wazee wa ukoo, viongozi wa dini, walimu wenzetu, majirani mliotoka Mugumu na wakwe zetu mliotoka Nyarero, maelezo haya yameandikwa na mume wa marehemu, Mwalimu Erasto Mseti, na yanasomwa na Waisiko Waitara, mdogo wake marehemu, kwa sababu Mwalimu ameona hataweza kuyasoma mwenyewe mpaka mwisho, na kwa sababu ameona ni haki ya watu wa Nyarero kuyatamka kwa kinywa chao. Ndani yake limo jambo moja linalohusu tangi la kioo lenye maji ya chumvi, ambalo wengi wenu mmelisikia, na ambalo liliwafanya baadhi yenu juzi mkae nje ya nyumba pale Mugumu na kukataa hata kuingia kunawa mikono. Jambo hilo Mwalimu alipaswa kulisema mbele ya wazee hawa miaka mitatu iliyopita, akanyamaza, na akafanya vibaya kuliko kunyamaza. Anaomba mvumilie hadi lifike mahali pake, maana maisha ya marehemu hayakuanza na kosa la mumewe.

Marehemu Agustina Wegesa Waitara alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Agosti 1979, katika kata ya Nyarero, wilayani Tarime, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Waitara na mama Regina, na jina la Wegesa alipewa kwa kuwa siku hizo wimbi, yaani ulezi, ulikuwa unavunwa. Alisoma shule ya msingi hapohapo Nyarero kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, akaendelea na sekondari mjini Tarime kuanzia mwaka 1994 hadi 1997, kisha mwaka 1999 akajiunga na chuo cha hoteli jijini Mwanza, ambako alihitimu mwezi Novemba 2000. Walimu wake wa sekondari walimwandikia kwamba ni mtaratibu, mwandiko wake unasomeka, na anauliza maswali mengi kuliko muda unavyoruhusu.

Mwezi Machi 2001 aliajiriwa katika hoteli moja ya kitalii wilayani Serengeti, nje kidogo ya hifadhi, akianza na kutandika vitanda, na kufikia mwaka 2010 alikuwa msimamizi wa mapokezi. Mwaka 2012 mwenye hoteli, aliyekuwa na mapenzi ya kupiga mbizi, aliweka pale mapokezi tangi la kioo la lita mia tatu, lenye maji ya bahari yanayotengenezwa kwa chumvi maalumu, na ndani yake matumbawe hai na viumbe ambavyo watu wa bara hatujavizoea. Fundi aliyeletwa kulitunza alikaa miaka miwili akaondoka, na meneja alipokuwa anatafuta wa kumrithi akagundua kwamba Agustina alikuwa ameshamaliza kusoma vitabu vyote vya tangi, kwamba alikuwa anapima joto na chumvi kila asubuhi kabla ya wageni kuamka, na kwamba alikuwa anaandika vipimo hivyo katika daftari la shule lenye picha ya twiga. Basi akabaki nalo yeye. Mwanamke huyu wa Nyarero, ambaye hakuwahi kuiona bahari katika maisha yake yote, ingawa mumewe alimwahidi safari ya Tanga mara nne na mara nne akaahirisha, aliijua bahari kwa lita mia tatu.

Alifunga ndoa na Mwalimu Erasto Mseti, mzaliwa wa hapa Kenyamonta, siku ya Jumamosi, tarehe 6 Desemba 2003, mjini Mugumu, ambako Mwalimu alikuwa ameanza kufundisha somo la kemia baada ya kumaliza chuo kikuu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Neema, aliyezaliwa tarehe 11 Machi 2005 na sasa ni mwanachuo, na Mniko, aliyezaliwa tarehe 2 Julai 2010, aliyepewa jina la baba mdogo wa Mwalimu, mzee Mniko, ambaye yuko nasi hapa.

Mwezi Aprili 2020, watalii walipoacha kuja kwa sababu ya ugonjwa wa corona, hoteli ilifungwa na wafanyakazi wakaachishwa kazi. Meneja hakuwa na namna ya kuwahamisha viumbe wale, akamwambia Agustina aamue, wamwagwe au awachukue. Ipo barua ya hoteli ya tarehe 24 Aprili 2020, yenye mhuri na saini, inayosema kwamba tangi, vifaa vyake na viumbe vyote vilivyomo ni mali ya Bi Agustina Waitara kuanzia siku hiyo. Barua hiyo Mwalimu anayo mfukoni leo, na yeyote atakayetaka kuisoma ataisoma.

Aliwaleta Mugumu katika ndoo za rangi zilizooshwa, akazifunika, akazikumbatia moja moja njia nzima ya vumbi, na tangi likasimamishwa sebuleni, mkabala na dirisha. Maji ya kisima aliyakataa kwa sababu yana madini mengi, akakinga ya mvua kutoka bati la nyumba na kuyachuja. Umeme ukikatika, pampu iliendelea kwa betri ya gari aliyoifunga fundi Dullah wa pale sokoni, ambaye wazee wake walitoka Tanga, na ambaye ndiye mtu pekee mjini Mugumu aliyekuwa anakuja kulitazama tangi bila kuitwa.

Mwalimu anataka mjue kilichokuwamo, kwa sababu wengi mmeambiwa vingine. Kulikuwa na matumbawe ya aina tano, ambayo ni wanyama wadogo waliojijengea nyumba za mawe, kulikuwa na kiti cha pweza mwekundu mwenye mikono mitano, kulikuwa na jongoo bahari anayekula mchanga na kuutoa ukiwa safi, na kulikuwa na samaki mmoja mwembamba, wa rangi ya majani makavu, aliyeishi shimo moja na kamba mdogo kama kidole cha mwisho cha mtoto. Kamba yule haoni vizuri. Kazi yake ilikuwa kuchimba shimo na kulitengeneza kutwa, na kazi ya samaki ilikuwa kukaa mlangoni na kutazama, na kila kamba alipotoka na mzigo wake wa mchanga aliweka sharubu moja juu ya mkia wa samaki, ili mwenzake akishtuka na yeye ajue akimbie. Agustina alimwita kamba huyo Fundi. Kiumbe huyo ana gando moja kubwa ambalo akilifyatua majini hutoa sauti ya kugonga, kavu kabisa, kama mtu anayegonga meza kwa kifundo cha kidole, na mgeni aliyekaa upande wa pili wa sebule aliisikia vizuri.

Sasa tumefika mahali pake. Siku ya Jumapili, tarehe 17 Oktoba 2021, wazee wa ukoo walikutana nyumbani kwa Mwalimu, Mugumu, kwa sababu ng'ombe sita wa familia walikuwa wamekufa hapa Kenyamonta ndani ya mwezi mmoja na watu walikuwa wanatafuta sababu. Mzee Mniko alikuwa anafungua kikao kwa sala, na katikati ya sala Fundi akagonga mara mbili. Wazee wakafumbua macho. Sala ilipokwisha waliuliza kuna nini ndani ya lile sanduku la maji, na kwa nini mwanamke afuge vitu visivyoliwa, visivyouzwa, vya baharini, ndani ya nyumba ya mtu ambaye ng'ombe wake wanakufa. Mzee mmoja alitania kwamba labda ndiyo mizimu ya wakwe wa Tarime imekuja kudai ng'ombe wengine wa mahari, watu wakacheka, lakini kicheko kikafa haraka, na mzee Mniko akamgeukia Mwalimu akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, hiki ni kitu cha nani?"

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Erasto ana shahada ya sayansi. Alijua ng'ombe walikufa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, maana daktari wa mifugo alikuwa amemwambia kwa simu siku tatu kabla. Alijua sauti ile inatoka wapi. Dakika tano zingemtosha kuwasogeza wazee kwenye kioo na kuwaonyesha kamba na samaki, na anaamini leo kwamba wangefurahi. Lakini aliona haya, aliona wazee wanamtazama kama mtu asiyeitawala nyumba yake, akajibu, "Ni mali ya shule, baba mdogo. Wameniwekea tu hapa kwa muda."

Agustina alikuwa amesimama mlangoni, ameshika chupa ya chai. Aliwamiminia wazee wote, akaanza na mkubwa wao, akawasalimu shikamoo mmoja mmoja, na mwisho akammiminia mumewe. Wazee walimshauri Mwalimu airudishe mali ya shule, na ili uongo wake usionekane, Mwalimu alimwomba mkewe alihamishie tangi katika stoo ya nyuma, kati ya magunia ya mahindi na majembe. Alilihamisha kwa siku mbili, ndoo kwa ndoo, mumewe akiwa kazini. Matumbawe ya aina mbili hayakustahimili.

Uongo huo haukuishia pale. Baada ya hoteli kufungwa Agustina alikuwa ameanza kuuza sambusa na chapati karibu na stendi, na wateja walikuwa wanampenda. Watu walipoanza kuulizana kwa nini mke wa Mwalimu anajifungia stoo kila jioni, na kwa nini mali ya shule inagonga gizani, wakamwita mwenye jini. Kufikia Machi 2022 meza yake ilikuwa inarudi nyumbani na vitu vilevile vilivyotoka asubuhi, na mwezi wa Mei akaifunga. Mwalimu alijua sababu. Neno moja lake lingezima maneno yote, lakini kila wiki iliyopita ililifanya neno hilo kuwa gumu zaidi, maana sasa angelazimika kueleza pia kwa nini hakulisema mapema. Akajifariji kwamba watu watachoka wenyewe. Watu hawakuchoka. Na kwa kuwa alikuwa amelikana tangi, hakuwa na uso wa kuingia stoo kuuliza linavyotunzwa, hivyo miaka mitatu ilipita mwalimu wa kemia akiwa mtu asiyejua chochote kuhusu maji yaliyokuwa ndani ya nyumba yake.

Mwezi Juni 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, na siku ya Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2024, alilazwa hospitalini jijini Mwanza, Neema akikaa naye, na mumewe akibaki Mugumu kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wanajiandaa na mtihani, akienda Mwanza Jumamosi moja na kuruka nyingine. Kabla ya kuondoka Agustina alimwachia daftari la twiga, na ukurasa wa kwanza aliandika jinsi ya kulisha, jinsi ya kuwasha taa, na mstari mmoja usemao, "Maji yakishuka, ongeza mpaka kwenye alama." Hakuandika aongeze maji gani, kwa sababu hakudhani kwamba mtu aliyesoma kuliko yeye angehitaji kuandikiwa hilo.

Maji yalikuwa yanashuka lita tatu au nne kwa siku. Mwalimu aliona kwamba tangi ni la maji ya bahari, akachukua maji ya mvua, akayatia chumvi ile maalumu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye ndoo yake, gramu kwa gramu, kwa mizani ya maabara aliyoiazima shuleni, akayamimina. Alifanya hivyo kila jioni kwa siku ishirini na mbili, akiona fahari kidogo kwamba anafanya kwa usahihi. Kipimo cha chumvi kilikuwa kinaning'inia ukutani, hakukigusa. Kila mwaka huwafundisha watoto wa kidato cha kwanza kwamba maji yenye chumvi yakikauka, yanayopaa ni maji matupu na chumvi hubaki chini, huwawashia jiko wakaona kwa macho yao, na huwapa swali hilo katika mtihani.

Matumbawe yalianza kuwa meupe, akadhani ni upweke. Kiti cha pweza alidondosha mkono, kisha mwingine. Siku ya Alhamisi, tarehe 26 Septemba, fundi Dullah alikuja kukagua betri, akatazama, akachovya kidole majini na kulamba.

"Mwalimu, umefanya nini? Hii ni kali kuliko bahari yenyewe."

Mwalimu akamweleza anavyoongeza. Dullah akakifuta kidole kwenye suruali.

"Maji ndiyo yanayoondoka, Mwalimu. Chumvi haina miguu. Mama Neema anaongeza ya mvua peke yake, hata mimi najua, na mimi nimeishia la nne."

Walimkuta Fundi mlangoni mwa shimo lake, amelala ubavu, amegeuka rangi kama kamba aliyepikwa, na yule samaki mwembamba amekaa palepale kando yake, anatazama nje. Kwa siku zilizofuata Dullah alimwelekeza namna ya kuyarudisha maji polepole, lakini hakuna kiumbe aliyepona isipokuwa samaki huyo.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 27 Septemba, Agustina alipiga simu, kama kawaida yake, akauliza habari za watoto wa kidato cha nne, akauliza kama mvua imeanza, kisha akauliza kama Fundi anagonga. Mwalimu akajibu kwamba anagonga. Mkewe akasema, "Niwekee simu kwenye kioo, baba Neema, nisikie." Mwalimu aliingia stoo, akaweka simu juu ya tangi, akasubiri, akatoa kalamu mfukoni, akagonga kioo kwa kifuniko chake mara mbili. Upande wa pili akasikia mkewe anasema, "Yupo. Asante."

Kuanzia jioni hiyo hadi tarehe 22 Novemba, isipokuwa siku ambazo Mwalimu alikuwa Mwanza na siku ambazo marehemu hakuweza kushika simu, aliomba kusikia, na mumewe akagonga. Amehesabu. Ni mara arobaini na tisa. Alipokwenda Mwanza alikuwa anapanga kusema ukweli tangu anapanda basi, na alipofika kitandani alikuwa anazungumza habari za mitihani.

Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba, katika ziara ya mwisho ya Mwalimu, marehemu alimwambia jambo ambalo hakuwahi kuligusa kwa miaka mitatu. Alilisema bila hasira, kwa sauti ya mtu anayekumbusha mlango ufungwe. "Siku ile ya wazee ulisema ni mali ya shule. Ukipata nafasi, waambie lilikuwa langu." Mwalimu aliitika kwa kichwa. Hakumwambia, hata hapo, kwamba tangi lenyewe alikuwa ameshaliua.

Agustina Wegesa Waitara alifariki dunia alfajiri ya Jumapili, tarehe 24 Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, miezi mitatu na siku kumi. Wakati wa kumrudisha nyumbani, gari lilipokuwa limepita Lamadi, Neema alimwambia baba yake, "Baba, mama alikuwa anajua." Tangu simu ya kwanza, alipoirudisha simu chini ya mto wa kulalia, alikuwa amemwambia binti yake kwamba Fundi hagongi mtu akisogea karibu na kioo, kwamba hilo lingejulikana kwa yeyote aliyewahi kukaa naye hata robo saa, na akasema, "Huyo ni baba yako. Usimwambie. Mwache agonge." Na kila jioni baada ya hapo alikuwa anaomba simu.

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Erasto hakuyaandika haya ili ahurumiwe, na anaomba asifarijiwe. Anasema mbele ya ukoo wake, mbele ya wakwe zake na mbele ya watoto wake kwamba hakukuwa na jini katika nyumba yake, wala mzimu, wala mali ya shule. Kulikuwa na mwanamke aliyejifunza peke yake kuiweka bahari hai mjini Mugumu kwa maji ya bati na betri ya gari, na kulikuwa na mume aliyeona haya kusema kwamba bahari hiyo ni ya mke wake. Baba mdogo Mniko, aliulizwa swali na wewe akalijibu kwa uongo, anakuomba umsamehe, na jibu analileta leo likiwa limechelewa. Mama Regina, ulimkabidhi binti yako kwake ili amtetee, na hakumtetea.

Jumatatu wiki hii Mwalimu na fundi Dullah walilirudisha tangi sebuleni, mkabala na dirisha, pale lilipokuwa. Ndani kuna mawe meupe, mchanga, na samaki mmoja mwembamba wa rangi ya majani makavu, ambaye bado anakaa mlangoni mwa lile shimo kutwa nzima, ingawa shimo linazidi kufukiwa na hakuna wa kulichimba. Mlango wa nyumba uko wazi kwa yeyote atakayependa kuingia na kumwona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza waliomhudumia marehemu kwa upole hadi saa yake ya mwisho, majirani wa Mugumu na Kenyamonta mliobeba maji na kuni na mliolala nje na baridi hii, walimu na wanafunzi mliogharimia usafiri, wafanyakazi wenzake wa zamani wa hotelini mliokuja kutoka mbali, na fundi Dullah, aliyekuwa rafiki yake wa kweli katika kazi yake wakati ambapo nafasi hiyo ilipaswa kuwa ya mtu mwingine. Wale wote ambao hatukuwataja, mchango wenu tumeuona.

Agustina Wegesa, binti Waitara, wazee wameambiwa. Tangi lilikuwa lako. Pumzika kwa amani.